Maswali ya Wasomaji: Nguruwe Mwitu, Leseni na Ardhi ya Umma

Barua za safari hii zimetoka kwa watu waliotenganishwa na bahari, lakini zote zimemfuata mnyama mmoja. Wasomaji wetu waishio Marekani wanauliza habari za kuwinda nguruwe mwitu katika misitu na mapori ya umma, na wasomaji wa nyumbani wanauliza kwa nini jambo linaloruhusiwa huko linaweza kumfikisha mtu mahakamani huku. Nimezifupisha barua bila kuzipunguzia hoja. Ili tusichanganyane, nitamwita “nguruwe mwitu” yule wa Marekani, ambaye asili yake ni nguruwe wa kufugwa aliyetoroka zizini, na nitamwita “nguruwe pori” huyu wetu wa Afrika mwenye singa ndefu mgongoni. Ngiri ni mnyama wa tatu, naye atatokea mara moja tu, karibu na mwisho.

Swali: *Mimi ni mzaliwa wa Tanga, ninaishi Houston kwa mwaka wa pili, na nina kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaaji wa kudumu. Wenzangu kazini husema kwamba katika jimbo la Texas nguruwe mwitu hawana msimu, hawana kikomo cha idadi, na wala leseni haihitajiki. Wamenialika twende pamoja katika Msitu wa Taifa wa Sam Houston, nami nimemwalika binamu yangu ambaye ni mwanafunzi wa kigeni chuoni. Je, tunaweza kwenda hivi hivi?* — A. M., Houston

Jibu: Wenzako wamekuambia ukweli, ila ni ukweli wa ardhi nyingine. Tangu tarehe 1 Septemba 2019, sheria ya Texas haimtaki mtu awe na leseni ya uwindaji anapomuua nguruwe mwitu katika ardhi ya mtu binafsi, mradi mwenye ardhi amemruhusu. Sehemu kubwa mno ya jimbo hilo, zaidi ya tisa katika kumi, ni mali ya watu binafsi, na ndiyo sababu wenyeji huzungumza kana kwamba kanuni ya shambani ndiyo kanuni ya kila mahali. Ukivuka mpaka wa ardhi ya umma mambo yanabadilika: hapo utatakiwa kuwa na leseni ya uwindaji, ambayo kwa mkazi ni dola 25, na katika msitu huo wa Sam Houston utahitaji pia kibali cha mwaka cha kuwinda katika ardhi za umma, ambacho ni dola 48. Mkazi, kwa maana ya sheria ya uwindaji ya Texas, ni mtu aliyeishi jimboni mfululizo kwa zaidi ya miezi sita, kwa hiyo wewe umekwisha kuvuka kizingiti hicho. Kama ulizaliwa tarehe 2 Septemba 1971 au baada ya hapo, utatakiwa pia uwe umehitimu mafunzo ya uwindaji salama, ambayo mtu mzima anaweza kuyasoma kwa njia ya intaneti.

Leseni yenyewe haimalizi habari. Ukinunua kibali utapewa kijitabu chenye ramani na kanuni za kila eneo, na kijitabu hicho ndicho kitakachokuambia siku zinazoruhusiwa, aina ya silaha inayokubaliwa katika siku hizo, na vipande vya msitu ambavyo risasi haziruhusiwi kabisa. Msitu wa Sam Houston una ekari zipatazo 163,000, umezungukwa na makazi, na ndani yake wamo watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na watu waliopiga mahema. Haufanani na pori la ndoto ya mwindaji. Kuweka chambo cha mahindi, ambayo ni desturi ya kila siku katika mashamba ya watu binafsi, ni marufuku ndani ya msitu wa taifa. Kuwinda nguruwe usiku kwa kurunzi au darubini inayoona joto la mwili, jambo ambalo wenzako pengine wamekuonyesha kwenye video, nalo ni la mashambani. Tena utavaa rangi ya chungwa inayong’aa: kipande cha ukubwa wa futi moja mraba kifuani, kingine kama hicho mgongoni, na kofia ya rangi hiyo hiyo. Usione haya kuivaa. Nguruwe haitambui rangi hiyo, lakini mwindaji mwenzako aliyejificha upande wa pili wa kichaka ataitambua.

Sasa nije kwa binamu yako, kwa sababu hapa ndipo penye hatari ambayo wengi huigundua baada ya kukamatwa. Sheria ya shirikisho la Marekani inamruhusu mwenye kadi ya kijani kununua na kumiliki bunduki karibu sawa na raia, lakini mtu aliyeingia kwa viza ya muda, kama vile ya masomo au ya matembezi, anakatazwa kumiliki au hata kushika bunduki na risasi isipokuwa awe ndani ya mojawapo ya misamaha iliyotajwa na sheria. Msamaha ulio maarufu zaidi ni kuwa na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo la Marekani. Kwa hiyo, kwa binamu yako leseni ni kinga yake dhidi ya kosa la jinai, achilia mbali kuwa ruhusa ya kuwinda, na ni lazima awe nayo mfukoni kabla hajagusa silaha, si baada ya kufika msituni. Mtu asiye na hadhi halali ya kuishi nchini humo hana msamaha huo, hata akiwa na leseni, na hata akiwa ameombwa tu amshikie mwenziwe bunduki anapofunga kamba za viatu. Adhabu yake ni kifungo, na nyuma ya kifungo kuna kurudishwa kwao. Gharama ya kumuuliza wakili swali moja ni ndogo kuliko hayo.

Kuhusu uwindaji wenyewe, ushauri wangu ni kwamba safari yako ya kwanza uende bila bunduki. Tembea kandokando ya vijito, kwenye mabonde ya chini yenye tope, ukatafute mahali palipofukuliwa kana kwamba mtu amepita na jembe la kukokotwa na ng’ombe. Tafuta madimbwi ambamo nguruwe hugaagaa, na uangalie misonobari iliyo karibu, maana hujikuna huko na kuacha tope kavu kwenye magome kwa kimo cha goti. Majira ya mialoni kudondosha mbegu, watakuwa chini ya mialoni. Wakati wa joto kali hulala vichakani mchana kutwa, na ukiwafuata huko utawasikia tu wakikimbia. Macho ya nguruwe ni dhaifu lakini pua yake haina mfano, kwa hiyo anayewinda nguruwe bila kupima upepo anafanya mazoezi ya viungo. Ukipata nafasi ya kupiga, kumbuka kwamba moyo wake uko chini na mbele kuliko wa swala, nyuma tu ya kiwiko cha mguu wa mbele, na dume mzee ana ngao ya gegedu mabegani ambayo risasi hafifu haipenyi vizuri.

Swali: *Nina biashara ndogo ya chakula hapa Dallas. Kijana mmoja anayewinda ardhi ya umma ananipa nguruwe mwitu kwa bei ya kutupa. Je, naweza kuwachoma na kuwauzia wateja? Na nyama hiyo ni salama?* — Mama B., Dallas

Jibu: Hapana, Mama, usiwauzie. Nyama ya mnyama aliyepigwa risasi porini haiwezi kuuzwa kihalali, hata ikiwa safi namna gani, kwa sababu sheria ya chakula inataka mnyama akaguliwe na mkaguzi akiwa hai na akaguliwe tena baada ya kuchinjwa. Nguruwe mwitu wanaouzwa katika mikahawa ya Texas hunaswa wakiwa hai, hupitishwa katika mabanda yaliyoidhinishwa, kisha hupelekwa kwenye machinjio yenye mkaguzi. Kijana huyo naye akikuuzia anavunja sheria, hata kama bei ni ya kutupa. Anaweza kula nyama yake nyumbani na kuwagawia marafiki.

Tena wanapogawana, wawe waangalifu. Nguruwe mwitu hubeba vijidudu vya brusela, vya jamii moja na vile ambavyo wafugaji wetu wanavijua kwa jina la ugonjwa wa kutupa mimba, na mwanadamu huvipata hasa wakati wa kuchuna, kupitia mkwaruzo mdogo mkononi au damu iliyoruka machoni. Homa yake huja na kuondoka kwa miezi, ikichukuliwa kuwa malaria au uchovu, na daktari wa Marekani hataifikiria iwapo hukumwambia kwamba ulichuna nguruwe. Kwa hiyo glavu za mpira ni za lazima, miwani ni busara, na mikono ioshwe kwa sabuni baadaye. Nyama ipikwe mpaka ndani kabisa ifike nyuzi 71 za Selsiasi. Kuigandisha kwenye friza hakuui brusela, wala hakuna uhakika wa kuua minyoo ya trikinela inayokaa katika misuli ya wanyama wa porini. Mbwa wasipewe mabaki mabichi, kwani nguruwe hao wana ugonjwa mwingine wa virusi ambao haumdhuru binadamu lakini humuua mbwa kwa siku chache.

Swali: *Nimehamia California. Nimeambiwa nisitumie risasi za risasi. Sielewi.* — K., Fresno

Jibu: Lugha yetu ndiyo iliyokutega, maana madini yale mazito na kile kinachotoka mtutuni tumevipa jina moja. Tangu tarehe 1 Julai 2019, California inakataza kuwinda mnyama yeyote wa porini kwa risasi zilizotengenezwa kwa madini ya risasi. Utatumia za shaba au za madini mengine yaliyoidhinishwa. Sababu kubwa ni ndege aitwaye kondori, ndege mkubwa wa jamii ya tai mzoga, ambaye alikaribia kutoweka kabisa na ambaye hufa kwa sumu ya vipande vya risasi anavyovila katika mizoga na matumbo yaliyoachwa na wawindaji. Kuhusu nguruwe wenyewe, zamani ulinunua tiketi moja kwa kila nguruwe, lakini tangu Julai 2024 jimbo linauza idhini moja ya mwaka, inayoambatana na leseni yako, bila kikomo cha idadi. Jiandae tu kwa ukweli kwamba nguruwe wengi wa huko wako katika ardhi za watu binafsi.

Swali: *Mimi na wenzangu kutoka Kongo tunaishi Missouri, na tunapenda kuwinda. Serikali inasema nguruwe mwitu ni waharibifu wakubwa na inataka waishe kabisa, lakini katika ardhi zake za hifadhi imekataza kuwawinda. Tunaona vibao vinavyosema mtu akiona nguruwe asipige, bali atoe taarifa. Kama kweli wanataka waishe, si waturuhusu sisi tuwamalize bure? Au ardhi ya umma ni ya nani?* — Baba J. na wenzake, Saint Louis

Jibu: Swali lenu ndilo lililonifanya nitenge kurasa hizi zote kwa nguruwe, kwa hiyo mnivumilie nikilijibu kwa urefu. Linatokana na dhana ambayo sote tunayo, nami nilikuwa nayo, kwamba kuwinda mnyama na kumpunguza ni jambo moja. Kwa wanyama wengi ni kweli, na vifaru wetu ni mashahidi. Kwa nguruwe si kweli, na Wamarekani wamelipa ada kubwa kulijifunza hilo.

Nguruwe si mnyama wa asili wa bara hilo. Mwaka 1539 Mhispania Hernando de Soto alitia nanga Florida akiwa na nguruwe wachache kama chakula kinachotembea chenyewe, na alipokufa mwaka 1542 kundi lake lilikuwa limefikia mamia, mbali na waliotoroka njiani. Walowezi waliofuata waliwaachia nguruwe wao wajitafutie porini. Mwaka 1912 tajiri mmoja aliingiza nguruwe dume na jike wa mwitu kutoka Ulaya katika milima ya Carolina Kaskazini ili rafiki zake wapate mchezo wa kuwinda, na hao nao walivunja uzio na kuchanganyika na wale wa awali. Leo wizara ya kilimo ya nchi hiyo inakadiria zaidi ya nguruwe milioni sita katika majimbo yasiyopungua 35. Jike hushika mimba kabla hajatimiza mwaka, hubeba kwa siku zipatazo 115, na huweza kuzaa mara mbili kwa mwaka, watoto wanne hadi sita kila uzao. Wataalamu wa Texas hukadiria kwamba ili idadi isiongezeke tu, inabidi waondolewe takriban thuluthi mbili ya nguruwe wote kila mwaka.

Sasa litazameni jimbo la Tennessee, jirani yenu wa upande wa kusini-mashariki. Kwa karibu miaka 50 nguruwe wake walikuwa katika sehemu ndogo tu ya milima na nyanda za juu za mashariki. Mwaka 1999 wakuu wa jimbo, wakiwa na wazo lile lile lililo katika barua yenu, walifungua uwindaji jimbo zima bila kikomo. Kufikia mwaka 2011 nguruwe walikuwa wametawanyika katika takriban kaunti 80 kati ya 95. Hawakutembea wakafika huko. Walipelekwa kwa malori, usiku, na watu waliopenda kuwawinda na waliotaka kuwa nao karibu na nyumbani, jambo ambalo ni kosa la sheria lakini ni gumu kulikamata. Mwaka huo wa 2011 Tennessee ilimwondoa nguruwe katika orodha ya wanyama wa kuwindwa. Kansas ilikuwa imetangulia kupiga marufuku uwindaji wake mwaka 2006, wakati nguruwe walikuwa bado wachache, na Missouri ikaukataza katika ardhi za idara yake ya hifadhi mwaka 2016. Miaka michache baadaye Msitu wa Taifa wa Mark Twain, ulio jimboni humo Missouri, wenye ekari zipatazo milioni moja na nusu, ukafuata njia hiyo, ukiacha mlango mdogo kwa mwindaji wa paa au bata mzinga ambaye yuko msituni katika msimu wake na kibali chake hakijatumika.

Kwa hiyo sababu ya kwanza ya vibao mnavyoviona ni kuondoa tamaa: nguruwe akiwa hana thamani ya mchezo wala ya biashara, hakuna atakayejisumbua kumsafirisha. Sababu ya pili ni ya kiufundi, nayo ndiyo inayonishawishi zaidi. Nguruwe huishi katika kundi la majike wenye udugu pamoja na watoto wao. Wataalamu wa serikali humwaga mahindi mahali pamoja kwa siku nyingi mpaka kundi zima lizoee, kisha hujenga zizi la mtego kuwazunguka bila kulifunga, huku kamera ikituma picha kwenye simu ya mtegaji. Wakishaingia wote ishirini, mlango huangushwa kwa kubofya simu, na kundi huondolewa mara moja, bibi, mama na wajukuu. Hebu mfikirie mwindaji anayepita usiku wa saba wa kazi hiyo, akapiga nguruwe mmoja au wawili. Amepata nyama, amefurahi, naye kwa hesabu yake amesaidia. Lakini waliobaki kumi na wanane wametawanyika hadi bonde jingine, wamejifunza kwamba mahindi yana hatari, na sasa hutoka usiku wa manane tu. Jike mmoja mwerevu aliyesalimika hufuta kazi ya majuma mawili, na kabla ya mwaka kwisha amejaza pengo la wale wawili.

Mnauliza pia ardhi ya umma ni ya nani, na hapo sitawatupilia mbali. Katika milima ya Ozark, huko kwenu, zipo familia zilizowinda nguruwe kwa mbwa kwa vizazi, na ziliposikia katazo hili zililia kilio kile kile ambacho tumekisikia katika vijiji vyetu kila hifadhi inapotangazwa: kwamba ofisi imechukua pori la babu. Wapo pia wanaosema, kwa haki, kwamba Texas huruhusu hata kukodi helikopta na kupiga nguruwe kutoka angani, tangu sheria ya mwaka 2011, na mbona huko hawajakatazwa. Jibu ni kwamba Texas ina nguruwe zaidi ya milioni moja na nusu kwa makadirio ya chini, na imekwisha kukata tamaa ya kuwamaliza; inajaribu kuishi nao, na kila anayepunguza hata mmoja shambani mwake anapewa nafasi. Missouri bado inaamini kwamba inaweza kuwamaliza. Ni vita vya aina mbili, na silaha ya kimoja huharibu kingine. Kama mnataka kweli kusaidia, pigeni simu mara tu mnapoona mahali palipofukuliwa, na kama mnamjua mwenye shamba aliyevamiwa, mwambieni kwamba idara hutega mashamba ya watu binafsi bila kuwatoza. Kama mnachotaka ni kuwinda, na hakuna aibu katika hilo, msimu wa paa huko ni mzuri na kanuni zake ziko wazi.

Swali: *Sisi wakulima wa Kilosa tunalala madunguni kuanzia mahindi yanapobeba mpaka tunapovuna, kwa sababu ya nguruwe pori. Kijana wangu ameona kwenye simu Wamarekani wakiwapiga nguruwe kwa mamia bila kuulizwa. Hapa jirani yetu alikamatwa kwa nguruwe mmoja. Kwa nini nguruwe wa Mmarekani hana mwenyewe, na wa kwetu ana serikali?* — Mkulima, Kilosa

Jibu: Umeuliza vizuri sana, mzee wangu, na jibu liko katika neno moja: ugeni. Huko nguruwe ni mvamizi aliyeletwa na watu; sheria ya majimbo mengi humweka karibu na panya. Nguruwe pori wa Kilosa ni mwenyeji. Alikuwa hapo kabla ya mahindi, ambayo nayo, tukisema kweli, yalitoka Amerika, na ni chakula cha simba na chui ambao tunalipwa fedha za kigeni watu waje kuwatazama. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inasema kwamba wanyamapori wote wa Tanzania Bara ni mali ya umma, na Rais ni mdhamini wao kwa niaba yetu. Kwa hiyo kumwinda bila leseni ni kosa. Kenya imekwenda mbali zaidi, kwani imepiga marufuku uwindaji tangu mwaka 1977.

Hilo halina maana kwamba ule hasara ukinyamaza. Peleka taarifa kwa mtendaji wa kijiji, na kupitia kwake kwa afisa wanyamapori wa halmashauri, kwa maandishi, ukitaja tarehe na ukubwa wa shamba lililoharibiwa. Taarifa ya mdomo haina pa kukaa katika jalada. Askari wanyamapori wanaweza kutumwa kumfukuza au kumuua mnyama mharibifu, na ombi la wakulima ishirini waliotia saini pamoja huenda haraka kuliko la mmoja. Kuhusu kuamia, nakubaliana nawe kwamba ni kazi ya kuvunja mgongo, lakini igawanyeni kwa zamu mtaa mzima badala ya kila mtu na dungu lake, na fyekeni ukanda wa hatua thelathini kati ya shamba na kichaka, kwa sababu nguruwe pori hapendi kuvuka mahali peupe. Waya wa umeme na sumu msivijaribu; vitamuua mtoto wa jirani kabla ya nguruwe.

Ndugu zetu wa Pemba, ambako nguruwe wa asili ya Ulaya waliopo hunasibishwa na Wareno, wangeweza kukusimulia habari za usasi wa mbwa na nyavu, unaofanywa na Waislamu wasiokula hata kipande cha nyama hiyo. Huwinda kwa ajili ya muhogo wao. Ni jambo la kutia moyo kuona kwamba swali la Missouri, la nani anawinda kwa mchezo na nani kwa shamba, lina historia pia katika visiwa vyetu.

Swali: *Ninasafiri kumtembelea binti yangu Texas. Ameniomba nimletee nyama kavu ya nguruwe kama tunayokausha kwetu Moshi. Je, nitaruhusiwa?* — Bibi M., Moshi

Jibu: Hutaruhusiwa, Bibi, na safari hii forodha ina haki. Kuna homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921. Ngiri na nguruwe pori hubeba virusi vyake bila kuugua, lakini nguruwe wa kufugwa hufa karibu wote, na hakuna dawa. Haimwambukizi binadamu. Virusi hivyo hukaa ndani ya nyama iliyokaushwa au kutiwa chumvi kwa miezi mingi, na kipande kimoja kikitupwa jalalani, kikaliwa na nguruwe mwitu mmoja wa hao milioni sita, ugonjwa utakuwa umepata pori zima la kujificha. Marekani haijawahi kuupata. Mwaka 2021 uliingia Jamhuri ya Dominika na Haiti, na tangu hapo mbwa wa kunusa wa viwanja vya ndege wamekuwa wakali zaidi. Ukikutwa na nyama hiyo bila kuitaja, utatozwa faini, na nyama yenyewe itachomwa moto mbele yako au nyuma yako.

Mchukulie dagaa wakavu wa Kigoma, waliofungwa vizuri. Hao hawamo katika katazo hili. Ila nao wataje kwenye tamko lako la forodha, hata kama mfuko ni mdogo.